Boti la Chaki

Wateja walioingia duka la ushonaji wiki ile walilazimika kuruka maboti. Yalikuwa matatu, yamechorwa kwa chaki ya kitambaa juu ya sakafu ya saruji, kila moja kwa ukubwa wake kamili, na Mama Fundi alikuwa mkali kama pilipili kwa yeyote aliyekanyaga mistari.

"Pita huku, mwanangu, pita huku! Hapo umeshaingia kwenye boti la bluu."

Kijana aliyekuja kupunguziwa suruali alibaki na mguu mmoja hewani. Akatazama chini, kisha akamtazama Fundi Mkubwa aliyekaa kwenye kiti chake dirishani, akitaka kujua ni nani kati ya hawa wawili aliyeanza kuchanganyikiwa. Fundi Mkubwa akajifanya anatazama nje.

Hakuna aliyechanganyikiwa. Fundi Mkubwa, mume wa Mama Fundi, alikuwa amekata nguo za watu kwa miaka thelathini na minane, na kwa miaka hiyo yote siku yake ya mapumziko ilikuwa ya ziwani. Tukisema ziwa tunalipa heshima tu. Lilikuwa bwawa lililonenepa, mtu mwenye pumzi nzuri angeita upande huu akaitikiwa upande ule. Alikuwa akisimama ukingoni na ufito wake wa kuvulia tangu asubuhi, akarudi mchana na perege wawili watatu, au na visingizio vitano sita. Kisha mwaka uliopita kiharusi kikampata akiwa anafunga kamba za viatu. Alipona, tunashukuru, lakini mkono wa kushoto ulibaki mzito na mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta. Ukingo wa ziwa lile ni tope na matete matupu, hata mwenye miguu miwili mizima huhangaika pale. Alijaribu mara moja akazama hadi gotini, wakaja kumchomoa wapita njia wawili huku wakimpa pole nyingi kuliko alizozihitaji. Tangu siku hiyo ufito uliwekwa nyuma ya mlango, naye akajiweka dirishani.

Kazini walikuwa wamepata namna. Kukata kitambaa kunataka mkono wa mkasi na mkono wa kukandamiza kitambaa kisiteleze. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa hodari kama zamani. Kwa hiyo Mama Fundi alisimama kushoto kwake, bega kwa bega, akawa ndiye mkono wa kushoto, na ili wasije wakakatana vidole waliitikiana. "Haya," anasema mzee, mkasi unafunguka na kutulia. "Vuta," anasema mama, kitambaa kinasogea na mkasi unapita. Haya, vuta. Haya, vuta. Sare za shule nzima zilikatwa kwa wimbo huo, na wateja waliona raha kuwatazama. Fundi Mkubwa hakuona raha hata chembe. Alijiona anashikiwa kitambaa kama mtoto anavyoshikiwa kikombe, na akimaliza kukata alirudi dirishani.

Sasa jioni moja, wakiwa mezani, alisema huku anaitazama sahani yake, "Mimi ziwani ndiyo basi tena, si ndiyo?"

"Nani kasema?"

"Nitakwendaje? Tuambiane tu ukweli, mama. Nimekwisha."

Neno lile lilimchoma Mama Fundi. Alilala nalo, akaamka nalo, akachemsha nalo chai. Mumewe alikuwa mtu wa kulalamikia kila kitu, jua, nzi, vifungo vya siku hizi, na malalamiko yake alikuwa ameyazoea kama mlio wa cherehani. Lakini hili hakulisema kwa kulalamika. Alilisema taratibu, kama mtu anayetaja saa. Mama Fundi aliogopa, na hofu yake ilikuwa wazi kabisa: mzee akiachwa dirishani mwaka mwingine, hatainuka tena pale.

Asubuhi akampigia simu binti yao, muuguzi katika mji mwingine, akamweleza kwamba anataka kumnunulia baba yake boti. Upande wa pili wa ziwa kulikuwa na gati la mbao, mtu angeweza kuingia botini bila kukanyaga tope.

"Boti?" binti akauliza. "Mama, umesema boti?"

"Dogo."

"Mama!"

Binti alisema mengi, yote ya busara, na Mama Fundi aliyasikiliza yote huku anatunga uzi kwenye sindano. Mwishoni binti akachoka, akatoa sharti. "Haya. Lakini Baba haendi majini peke yake hata siku moja. Akienda, wewe uko naye humo humo ndani, na wote mmevaa majaketi ya kuelea. Niahidi."

Mama Fundi akaahidi upesi upesi. Alipokata simu ndipo akakaa kitako juu ya robota la kitambaa. Yeye maji ya kupita magoti hakuwahi kuyaamini tangu azaliwe.

Huko gatini kulikuwa na karakana ya mwanamke mmoja aliyetengeneza matangi na maboti ya faiba, na watu walimwita Faiba hivyo hivyo. Aliuza pia maboti yaliyokwisha tumika. Mama Fundi alimweleza anachotaka: dogo, la watu wawili, la bei ya mtu aliyeahirisha kununua cherehani ya kudarizi. Faiba akamtumia picha tatu kwenye simu, na chini ya kila picha urefu na upana. Mtu mwingine angetazama picha akachagua. Lakini wale ni mafundi nguo, hawaamini kitu mpaka wamekichora kwa ukubwa wake. Mama Fundi akapiga magoti na chaki yake, na ndiyo hayo maboti tuliyoyaruka pale mlangoni.

La kwanza lilikuwa la njano, la kujaza upepo. Mzee alilikataa kabla halijakauka, kama chaki ingekuwa inakauka. "Ndoano zangu zote na mpira? Tutarudi tunaogelea." La pili lilikuwa jekundu, la plastiki, la kukaa chini umenyoosha miguu. Aliketi sakafuni, akanyoosha miguu, na ilibidi Mama Fundi na yule kijana wa suruali wamnyanyue. La tatu lilikuwa la bluu, la faiba, refu, jembamba, lenye pua kali. Mita tatu na nusu kwa mita moja na sentimita kumi. Waliweka vigoda viwili ndani ya mistari, mzee mbele, mama nyuma, wakakaa. Nafasi ikabaki. Wakaweka ndoo ya samaki, nafasi ikabaki. Mzee akaagiza ufito wake utolewe nyuma ya mlango. Akaurusha mshipi kuelekea mashine ya kufuma pindo, ndoano ikaenda kunasa sketi ya bibi harusi iliyokuwa inangoja lesi.

"Nimempata!" akapiga kelele. "Mama, mkubwa huyu!"

"Ukiichana hiyo utaivaa wewe kanisani!"

Walicheka mpaka machozi. Mama Fundi alikuwa hajakisikia kicheko kile kwa mwaka mzima, na aligeuka upande ajifute uso asionekane. Mzee akapapasa mstari wa chaki kwa kiganja, kama anavyopapasa bega la koti lililokaa sawasawa.

"Hili linanikaa," akasema.

Siku ya kwenda alinyoa ndevu mara mbili.

Boti la bluu, tukiwa wakweli, lilikuwa zuri. Lilikuwa limeegeshwa juu ya mchanga mbele ya karakana, limeng'arishwa, na pua yake imeelekea ziwani. Faiba alitoka akijifuta mikono, mwanamke wa mabega mapana, nyusi zimejaa vumbi jeupe.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, marahaba. Tumekuja kuchukua," akasema Fundi Mkubwa.

"Kaeni ndani kwanza, hapa hapa nchi kavu. Sitaki mtu aje kunilaumu."

Wakaingia. Mzee akakaa mbele, mama nyuma, na papo hapo mama akajikuta na magoti yake ndani ya mgongo wa mume wake. Mzee akajaribu kuunyoosha mguu mbovu. Haukuwa na pa kwenda. Kuta za boti zilishuka zikiinama kuelekea ndani, zikambana kiunoni, na kila alipojisogeza boti zima lililala ubavu, juu ya mchanga mkavu. Mama Fundi akavua tepu yake shingoni. Akapima juu, ukingo kwa ukingo: mita moja na sentimita kumi, kama ilivyoandikwa. Akapima chini, pale wanapokaa watu na miguu yao. Sentimita hamsini na nane.

Akaipima tena, maana haikumwingia akilini.

"Tumepima pindo," akasema taratibu. "Tumeshona sketi ya mtu kwa kipimo cha pindo, kiuno hatukukipima."

Faiba alipoelewa kwamba walikuwa wameyachora maboti sakafuni na kukaa ndani kwa vigoda, alicheka mpaka akashikilia pipa. "Jamani! Kwani mlidhani boti ni sanduku?"

Hakucheka kwa ubaya, lakini kicheko kilimwingia Fundi Mkubwa mahali pabaya. Miaka thelathini na minane hajawahi kukosea kipimo cha mtu, leo amekosea chake mwenyewe.

"Basi nitakwenda peke yangu," akasema. "La mtu mmoja linatosha."

"Hatukukubaliana hivyo."

"Hamkukubaliana nani na nani? Wewe na binti yako? Mimi ndiye mtoto siku hizi?"

"Mzee, tafadhali."

"Kitambaa unanishikia. Kiatu unanifunga. Na ziwani unishike mkono?"

Akainuka kwa hasira ili atoke. Mguu mbovu ukakwama chini ya ubao wa kukalia, boti likapinduka ubavu, na Fundi Mkubwa akamwagika mchangani mbele ya wanawake wawili. Hakuumia. Alikaa pale pale alipoangukia, mchanga kwenye kidevu alichokinyoa mara mbili, na hakuna aliyecheka, hata Faiba.

"Twende nyumbani," akasema.

Mama Fundi alijua akikubali kwenda nyumbani, habari ya ziwa itakuwa imefungwa, na mzee atarudi kwenye kiti chake cha dirishani kwa hiari yake na kwa muda wote uliobaki. Alisimama na tepu mkononi akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kibweta cha sindano. Ndipo akakiona kitu cha kijivu kando ya ukuta, kimejaa makopo ya rangi na ndoo za gundi. Kilikuwa kipana. Mbele hakikuwa na pua, kilikatwa tu mraba. Akakiendea, akasukuma makopo, akapima. Safari hii alianza chini.

"Na hili je?"

"Hilo?" Faiba akashangaa. "Mama, hilo lilikuwa la kuvulia magugu. Nimelifanya kabati. Zima ni zima, halivuji, lakini halina sura."

"Sura nitaipeleka wapi? Chini mita moja na kumi. Juu mita moja na robo. Bei?"

Faiba aliona haya hata kuitaja. Ilikuwa chini ya nusu ya bei ya la bluu.

"Hilo ni beseni," Fundi Mkubwa akasema kutoka mchangani. "Mimi siingii kwenye beseni. Watu wanaonijua watanionaje?"

"Watakuona uko majini," akajibu Mama Fundi, kwa sauti ambayo alikuwa hajaitumia tangu siku ile mteja mmoja alipokataa kulipa suti ya harusi. "Lishushe, Faiba. Leo hakuna wa kununua kwa macho. Linajaribiwa kwanza."

Likamwagwa makopo, likasukumwa juu ya magogo mpaka majini, likafungwa kwenye gati. Faiba akaleta majaketi mawili ya rangi ya chungwa. Mama Fundi akalivaa lake, akauona mkanda mmoja umefumuka, akautia sindano hapo hapo, akajichoma mara mbili. Kisha, kabla hajapata muda wa kufikiri, akashika nguzo ya gati, akashusha mguu mmoja ndani, akashusha wa pili.

Akasimama wima katikati ya lile beseni. Alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza. Boti likainama kidogo, likatulia.

"Mzee!" akaita bila kufumbua macho. "Nimesimama?"

Fundi Mkubwa alikuwa ameinuka kutoka mchangani. Miaka yote ya ndoa mwanamke huyu alikuwa akimfokea kwa kujaza ndoo kupita kiasi. Na sasa yuko juu ya maji, amesimama wima, amefumba macho, na hakuna aliyemlazimisha. Mzee akaona aibu na mapenzi kwa pamoja.

"Umesimama, mama," akasema. "Kaa chini usije ukaanguka. Nakuja."

Akaja, akiburuta mguu juu ya mbao za gati. Akakaa ukingoni, akaushusha mguu mbovu kwanza kwa mikono, akausukumia ndani, nao ukapata mahali pake ukanyooka. Akakaa kwenye ubao wa kati. Mama akarudi nyuma kwenye ubao wake, macho sasa yamefunguka. Faiba akafungua kamba.

Mzee akashika makasia yote mawili. Mkono wa kushoto ulilishika lake, ukalivuta kidogo, kisha vidole vikaachia vyenyewe. Akajaribu tena, vikaachia tena. Basi akavuta kwa mkono wa kulia tu, kwa nguvu zake zote, na boti likazunguka. Gati likapita, matete yakapita, gati likapita tena na Faiba juu yake. Mara ya tatu walipompita Faiba, mzee akaliweka kasia chini, maji yakidondoka kutoka kwenye ncha yake.

"Umeona?" akasema. "Nilikwambia."

Mama Fundi hakusema pole. Pole alizimaliza mwaka jana. Alitambaa kutoka nyuma, makalio yakiwa hayaachi mbao hata sekunde moja, mpaka akafika ubao wa kati, akageuka, akajipenyeza kushoto kwa mume wake. Walienea. Bega kwa bega walienea, na nafasi ya kiwiko ikabaki kila upande. Kwenye lile la bluu asingeenea hata nusu yake. Akalishika kasia la kushoto kwa mikono miwili.

Mwanzo ulikuwa kichekesho. Mmoja alivuta, mwingine akainua, makasia yakagongana, maji yakamrukia mzee usoni. Boti likaenda upande, likarudi upande mwingine, likafanya lolote isipokuwa kwenda mbele. Mama Fundi akakasirika, na katika hasira ile mdomo ukafanya ulichozoea kufanya kila siku mezani kazini.

"Vuta!" akasema.

"Haya," akajibu mzee, naye bila kufikiri.

Makasia yakainuka pamoja.

"Vuta."

Yakaingia majini pamoja, yakavuta pamoja, na lile beseni likaondoka kwenda mbele, limenyooka kama kitambaa kinavyofuata mstari wa chaki.

"Haya."

"Vuta."

Hawakutazamana. Mvuta makasia hukaa amegeuzia mgongo kule anakokwenda, kwa hiyo mbele ya macho yao kulikuwa na gati, na juu ya gati Faiba akipunga mikono, akizidi kuwa mdogo. Walipita uwazi wa matete. Maji yakafunguka kila upande, mapana, ya kijani, na samaki mmoja akaruka mbali kidogo akaacha duara.

Ndipo Mama Fundi akafanya kosa la kuchungulia chini. Hakuona mwisho wa maji yale. Kasia lilimganda mikononi na boti likaanza kupinda.

"Usitazame huko," akasema mzee. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya kufundishia wanagenzi. "Mtazame Faiba. Huyo ndiye alama yako, usimwache. Na usivute kwa mikono mitupu, lala nyuma kidogo, mgongo ufanye kazi. Unaharakisha. Hakuna anayetudai. Hivyo. Hivyo hivyo. Wewe nani alikwambia huwezi maji?"

"Nilijiambia mwenyewe."

"Basi ulijidanganya."

Jasho lilikuwa linamtoka mzee, na mchanga ulikuwa bado kwenye kidevu chake, na alikuwa anatabasamu peke yake kama mjinga. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya goti la mke wake. Haukufanya kazi yoyote pale, na safari hii hakuuondoa.

"Haya," akasema.

"Vuta."

Gati likawa na ukubwa wa kifungo. Mama Fundi alikuwa na hofu bado, lakini hofu yenyewe ilikuwa imekaa chini na kutulia, na juu yake kulikuwa na furaha iliyomshangaza. Mikono ilianza kumuuma.

"Mzee, twende mpaka wapi sasa?" akauliza. "Hapa hapatoshi?"

Fundi Mkubwa akageuza shingo, akayatazama maji yaliyobaki nyuma ya migongo yao, mengi, hayajaguswa.

"Wewe nishikie tu, mama," akasema. "Kitambaa bado kipo."